Kigali 2021: jinsi Rwanda ilivyotolewa kwenye mashindano iliyoyaandaa yenyewe

Rwanda ilicheza mechi mbili na kushinda zote. Moroko ilifungwa seti 3-1, Nigeria ikafungwa 3-0. Katika mpira wa wavu, ushindi wa aina hiyo unakupa pointi tatu kamili, kwa hiyo mwenyeji alikuwa na pointi sita kati ya sita na amekaa kileleni mwa Kundi A la Mashindano ya Afrika ya wanawake. Kigali Arena ilikuwa inamshangilia. Ilipofika Septemba 16, 2021, mechi ya tatu dhidi ya Senegali haikuchezwa. Mashindano yote yakasimama. Yalipoendelea, jina la Rwanda lilikuwa limefutwa kwenye kundi na matokeo yake yote mawili yametupwa.

Sababu ilikuwa wachezaji wanne kutoka Brazili.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama habari ya udanganyifu uliofichuliwa, basi. Nadhani kinastahili kuangaliwa kwa undani zaidi, kwa kuwa kila nchi ya ukanda wetu inayotaka kupanda haraka kwenye voliboli ya wanawake inakutana na kishawishi kilekile. Pia walioumia zaidi hawakuwa na kalamu mkononi wakati karatasi zinaandikwa.

Kwanza tuelewe kilichokuwa kinagombewa. Timu tisa zilifika Kigali. Kundi A lilikuwa na Rwanda, Moroko, Nigeria na Senegali. Kundi B lilikuwa na Kameruni, Kenya, Tunisia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Burundi. Timu mbili za juu zingepata tiketi ya Kombe la Dunia la 2022 nchini Uholanzi na Poland. Kameruni ilikuwa bingwa mara mbili mfululizo, 2017 na 2019, na mara zote mbili iliifunga Kenya kwenye fainali. Kenya ilikuwa na mataji tisa kabatini na ilikuwa imetoka Tokyo kwenye Olimpiki wiki chache tu nyuma. Rwanda haikuwa imewahi kutwaa ubingwa huu. Ila ilikuwa na ukumbi.

Ukumbi wenyewe ni sehemu ya kisa. Kigali Arena, ambayo sasa inaitwa BK Arena, ilifunguliwa 2019 ikiwa na viti 10,000, na mwaka ule wa 2021 haikupumzika. Mwezi Mei ilipokea Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika. Kuanzia mwishoni mwa Agosti ikapokea AfroBasket. AfroBasket ilipomalizika, wanaume wa voliboli wakaingia, na wanawake wakafuata. Mwenyeji wa kiwango hicho anatamani kuona timu yake ikicheza hadi siku ya mwisho, watu wajae, bendera zipepee. Hilo si kosa. Kila mwenyeji anataka hivyo. Tatizo ni kwamba jengo la kisasa linaweza kujengwa kwa miezi michache, lakini seta wa kimataifa, yaani mchezaji anayewapangia wenzake mipira ya kushambulia, anahitaji miaka kumi ya kupiga mpira kila siku.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia, na kwenye voliboli kina nguvu kuliko kwenye soka. Uwanjani kuna wachezaji sita. Kila timu inapopokonya kwa mpinzani haki ya kupiga sevu, yaani mpira wa kuanzisha mchezo, wote sita wanazunguka nafasi moja. Mchezaji aliyekuwa nyuma kulia akilinda, baada ya mizunguko michache yuko mbele katikati anapiga bloku, yaani anazuia mashambulizi juu ya wavu. Hakuna pa kumficha aliye dhaifu kwa muda mrefu. Libero, mchezaji maalumu wa ulinzi wa nyuma, anaweza kusaidia, na kocha ana mabadiliko sita kwa seti, lakini mwisho wa yote sevu ya mpinzani itamtafuta yule anayepokea vibaya, tena na tena, mpaka seti iishe. Timu nyingi za Afrika huporomoka kwenye pokeo hilo la kwanza. Mpira ukipokelewa vibaya, seta anaukimbilia nje ya eneo la mita tatu kutoka wavuni, washambuliaji wa kati wanakuwa hawana kazi, na kila mtu ukumbini anajua mpira utakwenda pembeni kushoto. Bloku ya mpinzani inakuwa imeshafika pale kabla ya mpira.

Sasa weka wachezaji wanne waliokulia kwenye voliboli ya Brazili ndani ya timu kama hiyo. Wanne kati ya sita! Pokeo linatulia, seta anapata mpira mkononi, mashambulizi yanatoka sehemu tatu badala ya moja, na hata wenyeji waliobaki wanaonekana wazuri maradufu kwa kuwa hawabebeshwi tena mizigo isiyo yao. Haihitaji miaka minne ya kambi. Ndiyo maana kanuni za mchezo huu kuhusu nani avae jezi ya nani ni kali.

Kanuni yenyewe ni hii. Kila mchezaji wa voliboli duniani ana shirikisho lake asilia, yaani lile lililomsajili mara ya kwanza. Timu ya taifa anayoruhusiwa kuichezea ni ya shirikisho hilo. Kubadilisha kunaruhusiwa, ila mara moja tu maishani, na kwa masharti: awe raia wa nchi mpya, awe ameishi huko kweli, mashirikisho yanayohusika yaridhie, na mwisho kabisa Shirikisho la Kimataifa, FIVB, litoe kibali. Pasipoti peke yake haitoshi. Waziri anaweza kukupa uraia leo asubuhi mbele ya kamera, na jioni ukawa bado huruhusiwi kugusa mpira kwa jina la nchi hiyo.

Watu wengi, hata viongozi wa klabu, huchanganya jambo hili na hati ya uhamisho wa kimataifa. Ile hati ni ya klabu. Mkenya akienda kucheza Ufaransa au Thailand kwa msimu mmoja, hati inatolewa, anacheza, anarudi. Shirikisho lake asilia linabaki Kenya muda wote. Kuvaa jezi ya taifa jingine ni njia nyingine kabisa, ndefu zaidi, na inapita kwenye meza nyingi zaidi.

Mfano mzuri wa njia hiyo unatoka mwaka uleule. Melissa Vargas alizaliwa Kuba, akahamia Uturuki kuchezea Fenerbahçe, na mwaka 2021 akapata uraia wa Uturuki. Hakukimbilia uwanjani kesho yake. Alisubiri hadi 2023 ndipo akavaa jezi ya taifa, na mwaka huohuo Uturuki ikachukua Ligi ya Mataifa na ubingwa wa Ulaya naye akiwa mpigaji wao mkuu. Upande wa wanaume, Wilfredo León, Mkuba mwingine, alipata uraia wa Poland 2015 na kuichezea kwa mara ya kwanza 2019. Hawa ni miongoni mwa wachezaji bora kabisa waliopata kuonekana, na nchi zilizowataka ni tajiri na zina ushawishi ndani ya FIVB. Walisubiri. Turudi Kigali tukiwa na picha hiyo kichwani: si mmoja, ni wanne, kwa mkupuo mmoja, kwenye mashindano ya kufuzu Kombe la Dunia.

Inawezekana mazingira ya ukumbi ule yaliwalevya watu. Siku chache kabla, katika sakafu ileile, mpira wa kikapu ulikuwa umechezwa na timu zilizokuwa na wachezaji waliozaliwa Marekani. Sheria ya kikapu inaruhusu kila timu ya taifa kuwa na mchezaji mmoja aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16. Mtu anayetazama kutoka jukwaani angeweza kudhani michezo yote ni sawa. Lakini shirikisho la mchezo halitazami kutoka jukwaani. Kazi yake ya kwanza ni kujua kanuni zake.

Na hapa kisa kinaacha kuwa cha bahati mbaya. Malalamiko ya wapinzani yalipofika mezani na suala likafikishwa FIVB, ilibainika kwamba wanne hao hawakuwa na sifa za kuichezea Rwanda. Rwanda ikaondolewa. Muda mfupi baadaye vyombo vya uchunguzi vya Rwanda vikamkamata mmoja wa makamu wa rais wa shirikisho la voliboli la nchi hiyo kwa tuhuma za hati ya kughushi iliyohusu wachezaji hao. Mahakamani alikiri. Oktoba 2021 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili, na rufaa ikakipunguza hadi miezi minane.

Kwamba nchi yenyewe ilichukua hatua ya jinai dhidi ya kiongozi wake wa michezo ni jambo la kuheshimu. Katika ukanda wetu tumezoea kashfa za umri wa kughushi na majina ya kuazima kumalizwa kwa faini ndogo na kikao cha faragha. Hapa mtu alikwenda jela. Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema kesi ile ilifunga mjadala. Wachezaji wanne hawaingii kambini bila kocha kuwapanga, bila tiketi za ndege, bila mtu wa kuwapokea, bila wizara kusikia. Kughushi hati ni kitendo cha mkono mmoja. Kupanga timu ya taifa ni kazi ya watu wengi, na hao wengi walitakiwa kuuliza swali moja tu: kibali cha FIVB kiko wapi?

Shirikisho la Afrika, CAVB, nalo halijiondoi hapa kirahisi. Kabla ya mechi ya kwanza ya mashindano yoyote ya ngazi hii kunakuwa na ukaguzi wa nyaraka. Kila timu inawasilisha orodha yake na pasipoti za wachezaji, zinapitiwa, orodha inapitishwa. FIVB ina mfumo wake wa kompyuta, VIS, ambamo shirikisho asilia la kila mchezaji limeandikwa. Majina manne ya Kibrazili kwenye orodha ya Rwanda hayakuwa yamejificha. Yalitakiwa kuwasha taa nyekundu siku ile ya ukaguzi, kabla hata tiketi ya kwanza haijauzwa. Badala yake wanne hao walipitishwa, wakacheza mechi mbili mbele ya waamuzi na maofisa wote, na ikalazimu wapinzani walalamike ndipo jambo lishughulikiwe. Kama Moroko na Nigeria zingekuwa timu za wanyonge wasiojua haki zao, huenda Rwanda ingefika nusu fainali, au fainali, au Uholanzi kabisa.

Nasema haya nikijua uongozi wa CAVB chini ya Bouchra Hajij ulikuwa mpya wakati huo, ameingia 2020 akiwa mwanamke wa kwanza kuongoza shirikisho hilo, na kwamba mashindano yaliandaliwa wakati wa korona ambapo kila kitu kilikuwa kigumu mara mbili. Na uamuzi wenyewe, kumtoa mwenyeji ndani ya ukumbi wake, ulihitaji uthubutu. Wangeweza kutafuta njia ya kati, wawaengue wanne tu na kuwaacha Wanyarwanda waendelee. Wengi wetu tulilitamani hilo kwa huruma. Lakini mechi mbili zilikuwa zimeshachezwa na matokeo yameshaharibika, kwa hiyo huruma hiyo ingelipwa na Moroko na Nigeria.

Angalia Nigeria. Wasichana wale walifungwa seti tatu kwa bila na timu isiyo halali. Kwa hesabu ya kawaida, kipigo hicho kingewazamisha kwenye kundi la timu nne. Rwanda ilipofutwa, kundi likabaki na timu tatu, hesabu ikaanza upya, na Nigeria ikafika nne bora. Moroko ikamaliza na medali ya shaba. Ukiangalia jedwali la mwisho huwezi kujua kwamba timu mbili kati ya nne za juu zilikuwa zimeshapoteza mbele ya wachezaji ambao hawakutakiwa kuwepo. Ndivyo mchezo wa mezani ulivyo: unapanga upya uwanja mzima, hata mahali ambapo hakuna aliyekosea.

Sasa wale Wanyarwanda. Kikosi cha taifa kina wachezaji wasiozidi 14. Wanne wakitoka Brazili, kuna wasichana wanne wa nyumbani, wa ligi ya Rwanda, wa timu kama APR na RRA, waliokatwa ili nafasi ipatikane. Hao walipoteza kabla ya mpira kurushwa. Waliobaki kikosini walicheza mechi mbili nzuri kuliko zozote walizowahi kucheza nyumbani, halafu wakaambiwa hazipo. Hawakughushi kitu. Waliangukiwa na jumba bovu, na habari zilizoandikwa siku zile ziliwataja kama "Rwanda iliyodanganya", kana kwamba wao ndio waliojaza fomu. Hata wale wanne kutoka Brazili nawaweka upande huohuo. Mchezaji hasimamii faili lake mwenyewe. Anaitwa na shirikisho, anaambiwa taratibu zimekamilika, anavaa jezi.

Na kuna jambo ambalo kwangu ndilo linalofanya kisa hiki kiumize zaidi. Msaada wa Brazili ulikuwa umeshafika Afrika Mashariki mwaka uleule, kwa njia iliyo wazi kabisa. Kupitia mpango wa FIVB wa kuwezesha timu za taifa, kocha Luizomar de Moura na wasaidizi wake kutoka Brazili waliletwa kuinoa Kenya kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo. Kenya ilipoteza mechi zote tano Tokyo, hilo halikushangaza mtu, lakini mazoezi yalibadilika. Kocha wa kigeni hana masharti ya uraia. Rwanda nayo ilikuwa na kocha Mbrazili, Paulo de Tarso, na hakuna aliyemlalamikia. Maarifa ya Brazili yanaruhusiwa kuvuka bahari kwa njia ya kocha siku yoyote. Rwanda ilikuwa nayo tayari, kwenye benchi lake.

Mambo yakaendelea bila mwenyeji. Timu mbili za Kundi B zikakutana fainali kama ilivyozoeleka, na Kameruni ikaifunga Kenya 3-1, taji la tatu mfululizo. Kwenye benchi la Kenya alikaa Paul Bitok, mtu aliyeifundisha Rwanda kwa takriban muongo mzima. Miongoni mwa Wanyarwanda waliozuiwa kucheza walikuwamo wa kizazi kilichojifunza mchezo huu katika miaka yake pale. Kenya na Kameruni zote zikapata tiketi ya Kombe la Dunia, zikapangwa kundi moja huko Arnhem mwaka uliofuata, na safari hii Kenya ikashinda.

Miaka miwili baada ya Kigali, Agosti 2023, mashindano yalikwenda Yaoundé. Rwanda ilikuwepo. Kocha alikuwa yuleyule, Paulo de Tarso. Kikosi kilikuwa cha Wanyarwanda. Ikafika nusu fainali na kumaliza ya nne Afrika, huku Kenya ikiifunga Misri kwenye fainali na kurudisha taji, la kumi.

Matokeo hayo hayamfuti mtu kosa la 2021, lakini yanajibu swali ambalo viongozi wa shirikisho hawakujipa nafasi ya kulijibu. Walidhani wasichana wao hawatoshi. Walikuwa na kocha, walikuwa na ukumbi, walikuwa na ligi. Walichokosa ni miaka miwili ya subira, na hiyo walikuja kuipata kwa lazima.

Kwa mashindano yetu ya Kanda ya Tano, ambako Tanzania, Uganda, Burundi, Kenya na Rwanda hukutana na ambako wachezaji huvuka mipaka kila msimu kutafuta klabu, pendekezo langu ni la kiofisi tu. Orodha za timu zifungwe mapema, wiki mbili au zaidi kabla ya mechi ya kwanza, na zitumwe kwa timu zote pinzani, si kwa waandaaji peke yao. Kando ya kila jina liandikwe shirikisho asilia kama lilivyo kwenye VIS. Aliyebadilisha shirikisho, kibali cha FIVB kiambatanishwe, na ofisa wa mashindano apige simu au atume barua pepe Lausanne, makao makuu ya FIVB, kukithibitisha badala ya kuridhika na karatasi yenye muhuri. Pingamizi lolote lipokelewe na kuamuliwa kabla ya timu kupanda ndege. Baada ya hapo, timu inayokutwa na mchezaji haramu itolewe, na anayesaini orodha, kwa jina na cheo, ndiye aitwe kujieleza.